Kaburi la Akiba

Jumapili, 17 Agosti

Daftari hili nilipewa na binti yangu Marisela Krismasi iliyopita. Alisema, "Andika mama, la sivyo ipo siku utapasuka." Nikaliweka chini ya mguu wa meza unaocheza. Leo nimelitoa, meza icheze tu.

Ijumaa tulikuwa Albuquerque kwa daktari. Nazario, mume wangu, ana kansa ya kongosho. Daktari alimweleza Marisela kwa Kiingereza, Marisela akatueleza sisi, na Nazario ambaye alishaelewa kila neno akawa anaangalia viatu vya daktari. Mwisho akauliza, "Krismasi nitafika?" Daktari akasema tusizungumze mambo ya Krismasi kwanza.

Tukarudi. Tulipofika kwenye kona ambayo kijiji chetu cha Ojo Hondo kinaanza kuonekana, makaburi kule kilimani na kanisa chini yake, akasema, "Felia, nakuomba kitu kimoja tu. Nilaze kando ya Eliseo."

Eliseo ni mtoto wetu wa kwanza. Alizaliwa msimu wa theluji na hakuuona mwisho wa msimu huo. Nikamwambia, "Sasa wewe nikulaze wapi kwingine?"

"Muulize kwanza kaka yako," akasema.

Jumatatu, 18 Agosti

Pilipili za mwanzo zimekomaa. Nimechuma zile za karibu na mfereji. Mikono inawaka.

Jumatano, 20 Agosti

Hapa kwetu kaburi halichimbwi na watu wa kulipwa. Anayekufa anachimbiwa na wanaume wa kijiji, kwa mtaimbo na sururu, na anafukiwa kwa beleshi, kila mmoja anatupia lake. Ndivyo ilivyo toka babu wa babu. Ila tangu Nazario aje hapa kutoka Meksiko na kunioa, wanaume wa kijiji ni Nazario. Wengine wanasimama na kahawa wakimpa ushauri. Udongo wa kile kilima ukishapita kimo cha goti unakuta tabaka jeupe, gumu, mtaimbo unaruka kama umepiga reli. Unataka mtu mvumilivu, na mvumilivu ni yeye.

Msimu wake wa kwanza wa baridi hapa, mzee mmoja alifariki Januari. Ardhi ilikuwa jiwe. Wanaume walichoma matairi juu yake siku mbili ili ilainike, maiti inangoja ndani ya banda. Nazario aliona akasema huu ni ujinga. Tangu mwaka ule, kila Oktoba kabla baridi haijaingia ardhini, anachimba kaburi moja la akiba na kulifunika mbao na bati. Atakayekufa kwenye theluji anakuta pake. Hakuna aliyemtuma. Wahenga walisema mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe. Huyu walimpa jembe, na ugeni wakamwachia vilevile.

Jumapili, 24 Agosti

Baada ya misa nilimfuata kaka yangu Belarmino. Huyu ndiye aliyekuwa ananibeba mgongoni kuvuka mfereji nikiwa mdogo, nami sijawahi kumwogopa. Sasa ni mwenyekiti wa Kamati ya Warithi, yaani sisi ambao wazee wetu walipewa bonde hili na mfalme wa Uhispania. Makaburi ni mali ya Kamati.

Nikamwambia habari ya ugonjwa. Akavua kofia. Nikamwambia na ombi. Akaivaa tena.

"Felia, sheria unaijua."

"Sheria gani?"

"Ile ya mwaka juzi. Nafasi zinakwisha. Ni damu ya warithi peke yake."

"Kaka, nusu ya hayo makaburi kayachimba Nazario!"

"Na tunamshukuru sana."

"Na Walter je? Mume wa Cleofas. Mzungu wa Kansas, hata neno tortila alikuwa analitamka kama mtu anayekohoa. Naye ni damu ya mfalme?"

"Walter alikufa kabla ya sheria."

"Alichimbiwa na nani?"

Akaanza kuizungusha kofia kichwani kana kwamba inambana. Akasema ataliweka jambo mezani kwenye kikao cha mwezi ujao.

Nilipomwambia Nazario, alicheka mpaka akashika tumbo. "Shemeji huyo! Miaka yote anakula pilipili zangu, leo nami ni ajenda!" Kisha maumivu yakamjia kweli na kicheko kikaisha.

Ijumaa, 29 Agosti

Mvua. Mfereji umejaa matope. Nazario amelala mchana kutwa na hajauliza nani ameufungua.

Jumamosi, 6 Septemba

Leo tumechoma pilipili. Kama kila mwaka, kijiji kizima kilihamia uani kwetu, maana pipa la kuchomea ni letu, lile la wavu linalozungushwa juu ya moto wa gesi. Harufu ilifika hadi barabara kuu. Nazario alikaa kwenye kiti na blanketi. Belarmino ndiye aliyezungusha pipa, na aliunguza gunia la kwanza.

"Shemeji," Nazario akamwita, "hizo ni pilipili, siyo makaa."

"Wewe tulia, mgonjwa."

Marisela alikuja. Anafundisha chuoni, na kila akija anatuletea jina jipya la kujiita. Mwaka juzi tulikuwa Walatino. Leo ni Wachikano.

"Mimi ni Mhispania," akasema Belarmino bila kugeuka. "Baba yangu Mhispania, babu yangu Mhispania. Hayo mengine ni ya watu waliovuka mto kutoka Meksiko jana."

"Mjomba, huko Uhispania umewahi kufika?"

"Na wewe mbinguni umewahi kufika? Mbona unasali?"

Watu wakacheka. Orlinda, shoga yangu toka shule, aliyemsimamia Marisela ubatizo, akasema benki wamemwandika Mhispaniki, na hajui kama ni ugonjwa ama ni cheo. Nikawakumbusha bibi yetu, ambaye hakutoka bonde hili maisha yake yote. Akiulizwa unaongea lugha gani, anajibu, "Naongea Kimeksiko."

"Bibi hakusoma," akasema Belarmino.

"Baba, wewe je?" Marisela akauliza. "Wewe unajiita nani?"

"Mimi ni mtu wa Jerez, jimbo la Zacatecas."

"Jerez nyingine iko Uhispania, unajua?"

"Ala!" Nazario akapiga goti. "Basi shemeji, kumbe mimi Mhispania kukuzidi wewe!"

Uwanja mzima ukaangua kicheko. Belarmino naye alicheka, nilimwona kwa macho yangu. Kisha akakumbuka uenyekiti wake akakaza uso.

Nilifurahi leo. Nilijisemea, watu waliocheka pamoja namna hii hawawezi kumkatalia mtu shimo.

Jumapili, 14 Septemba

Amekula mchuzi vijiko vichache. Ameutapika.

Jumamosi, 20 Septemba

Kikao kilikuwa kwenye ukumbi wa kanisa. Nazario hakuja, alisema hajawahi kumsikia mtu akinadiwa na hataki kuanza leo. Nikaenda na Marisela.

Wajumbe ni watano. Belarmino katikati. Mzee Onofre, ambaye hasikii. Tranquilino wa dukani. Cleofas, mjane wa Walter. Na Orlinda.

Nilisema yangu. Nilisema huyu mtu amewazika wazee wenu. Nilisema mtoto wetu yuko kule kwa damu yangu, na baba yake anaomba kulala kando yake tu, hataki shamba, hataki maji ya mfereji, hataki jina. Sauti ilinikatika hapo, nikachukia kwamba imenikatika mbele ya Tranquilino.

Belarmino aliongea taratibu, kama mtu aliyefanya mazoezi. "Hakuna hapa asiyempenda Nazario. Lakini tangu enzi za baba tuko mahakamani na serikali kwa ajili ya mlima wetu waliouchukua. Silaha yetu ni moja tu, kwamba sisi ni watoto wa wale waliopewa ardhi hii na mfalme. Siku tutakaposema sisi na kila aliyekuja kutoka kusini ni kitu kimoja, jaji atatucheka. Tutakuwa Wameksiko tu kama wengine, na mlima umekwenda."

"Mlima ulishakwenda, mjomba!" Marisela akasimama. "Umekwenda kabla hujazaliwa! Mmebaki na makaburi, na hayo mnamnyima aliyeyachimba!"

"Kaa chini, binti."

"Sikai!"

Wakapiga kura. Cleofas alikubali, akiwa analia. Tranquilino akakataa. Mzee Onofre alipigiwa kelele sikioni, akauliza, "Yule Mmeksiko?" akakataa. Akabaki Orlinda. Aliangalia meza. Mkono wake haukuinuka, na asiyeinua amekataa.

Belarmino hakuhitaji hata kupiga kura yake. Ametoka pale mikono misafi.

Orlinda alinikimbilia nje. "Felia, shoga yangu, sikiliza. Mama ana miaka themanini na nane. Zimebaki nafasi za kuhesabu kwa vidole. Nikifungua mlango, mama yangu nitamweka wapi?"

Nilimwelewa, na hilo ndilo lililoniuma zaidi. Nimeondoka bila kumuaga.

Jumapili, 21 Septemba

Nilidhani Nazario atakasirika. Alisema tu, "Basi nirudisheni Jerez. Ubalozi wetu huwa unasaidia kusafirisha maiti."

Tukampigia simu kaka yake, Cirilo. Niliwasha spika.

"Karibu ndugu yangu," Cirilo akasema. "Ila nikwambie ukweli. Baba na mama wamelala kaburi moja, limejaa. Kijijini tumebaki wazee. Vijana hawakujui, wakitaja habari zako wanasema yule mgringo wa Cirilo. Nitakuzika, siyo kwamba sitakuzika. Lakini nani atakuja kukuwekea ua? Mimi mwenyewe magoti hayafai."

"Nimekusikia," Nazario akasema. "Wasalimie wote."

Kule ni mgringo, yaani Mmarekani, huku ni Mmeksiko. Akaniomba pichi. Nikammenyea, hakuila.

Jumatatu, 22 Septemba

Marisela anataka kuwaita wanafunzi wake waje na mabango na watu wa magazeti. Baba yake amemwambia, "Mwanangu, maiti haingii kaburini kwa mabango. Na mama yako atabaki kuishi na watu hawa. Nani atamfungulia maji?" Marisela ameondoka akilia. Nilikuwa namwona mtoto huyu maneno matupu. Nimeona leo kwamba hana kitu kingine cha kupigania, na maneno ndiyo tuliyomsomesha.

Jumamosi, 4 Oktoba

Umande umeganda kwenye majani ya maboga. Nilirudi kutoka kuchuma nikakuta kitanda kitupu na mtaimbo haupo ghalani.

Nilipanda kilima mbio na umri wangu huu. Alikuwa ameketi juu ya ndoo iliyopinduliwa, kando ya Eliseo. Upande mmoja wa Eliseo amelala mama yangu. Upande wa pili palikuwa wazi. Alikuwa amekwangua nyasi, amepima kwa kamba na vijiti kama kawaida yake.

"Unafanya nini?"

"Kaburi la akiba. Si Oktoba hii?"

"Nazario, wamekataa."

"Walikataa kunizika. Kuchimba hawakukataa. Kuchimba hawajawahi kukataa."

Nikakaa chini.

Jumatatu, 6 Oktoba

Amechimba kidogo.

Jumanne, 7 Oktoba

Hakuweza.

Alhamisi, 9 Oktoba

Amefika tabaka jeupe. Anapiga mara mbili, anapumzika. Nimempelekea supu, nikabaki.

Jumatatu, 13 Oktoba

Kiunoni. Mimi ndiye natoa udongo kwa ndoo. Sijawahi kujua kwamba shimo lina harufu ya chumvichumvi hivi. Anaimba akiwa ndani, nyimbo za mapenzi, chafu kidogo. Nimemwambia mama yangu anasikia, akasema mama yako ndiye aliyenifundisha huo wa mwisho.

Jumatano, 15 Oktoba

Belarmino amekuja kilimani. Lazima Tranquilino alimwambia, maana dukani kwake unaona kila kinachopanda na kinachoshuka.

Alisimama ukingoni. "Shemeji, unachimba nini?"

"La akiba, kama kila mwaka."

"Mbona hapa?"

"Udongo wa hapa laini."

Mtaimbo ukapiga ule weupe ukaruka. Wote watatu tulisikia. Hapana aliyecheka.

Nazario alitaka kuinua tena, mikono ikakataa. Akauegemea mtaimbo huku paji la uso limegusa ukuta wa shimo, na nikaona jinsi mgongo wake ulivyobaki mifupa chini ya shati. Belarmino naye aliona. Akavua koti, akalikunja juu ya msalaba wa mama, akateremka. Akamshika Nazario kwapani, akamwinua kwangu kama mtoto. Kisha akachimba yeye. Miaka sabini na minne, na kifua kile. Alichimba mpaka shimo likamfika mabegani, anahema, kamasi na machozi vinamtoka, na hakujifuta.

Moyo wangu ulipiga kwa furaha, nakiri. Nilisema, amekubali. Mtu hamalizii shimo la mtu asiyekusudia kumweka humo.

Alipotoka, akajikung'uta magoti. Akasema, "Shemeji, usinielewe vibaya."

"Nimekuelewa vizuri tu," akasema Nazario.

Wakalifunika pamoja, mbao na bati. Belarmino akachukua koti lake akashuka kwa njia ya nyuma.

Ijumaa, 17 Oktoba

Asubuhi Nazario aliniita. Anaongea polepole siku hizi, inabidi nimkaribie.

"Lile shimo ni lako."

"Usianze."

"Wewe una damu yao, hawawezi kukukatalia. Mimi niwekeni popote. Usimwache mtoto peke yake, Felia. Nilikuwa nataka niwe naye mimi, kwa sababu alipokufa nilikuwa kazini Colorado, na nilipofika mlikuwa mmeshamzika. Lakini wewe utatosha. Mimi nimezoea kulala ugenini."

Nikamwambia nitafanya hivyo. Akacheka kidogo. "Wanasema mchimba shimo huingia mwenyewe. Mimi hata hilo nimenyimwa."

Nilienda ghalani nikapiga ngumi gunia la mahindi mpaka likachanika.

Jumapili, 2 Novemba

Siku ya Marehemu. Nimesafisha kwa Eliseo na kwa mama, nikawasha mishumaa. Nazario hawezi kupanda. Nilimgeuzia kitanda dirishani ili aone kilima. Sina hakika kama aliona.

Jumamosi, 8 Novemba

Nazario amefariki asubuhi hii. Nilikuwa jikoni namenya vitunguu saumu, namweleza bei ya kuni, na nikaendelea kumweleza baada ya yeye kuondoka.

Jumatano, 12 Novemba

Tumemzika mjini, kwenye makaburi ya manispaa, nyuma ya kituo cha mafuta. Shimo lilichimbwa na katapila. Kuta zimepindapinda. Angeliona angelitukana.

Ojo Hondo yote ilikuja. Magari yalijipanga, na wanaume wakashuka na mabeleshi yao: Belarmino, Tranquilino, hata mzee Onofre na fimbo mkono mmoja. Padre alipomaliza wakasogea. Kijana wa makaburi akawanyooshea mkono.

"Samahani wazee. Hapa hairuhusiwi. Ni mambo ya bima. Mashine ndiyo inafukia."

"Mwanangu," Belarmino akasema, "kwetu mtu hafukiwi na mashine. Huyu zaidi ya wote."

"Hata kwetu Meksiko, kule Chihuahua, ni hivyohivyo, mzee. Lakini bosi yule pale ananiangalia. Nitakosa kazi."

Belarmino akamshika kijana mkono. Akamwomba. Kaka yangu, mwenyekiti, akamwomba kijana wa Chihuahua ruhusa ya kumzika mtu. Kijana akainamisha kichwa, akapanda mashine. Wanaume wote wakabaki wamesimama na mabeleshi, na mashine ikasukuma udongo mara moja, ikageuka, ikaupigapiga kwa mgongo wa kijiko chake.

Orlinda alinishika kiwiko. Nilimwachia, sikuwa na nguvu ya kuuondoa mkono wake.

Kwenye gari Belarmino aliniambia, "Nisamehe." Nikamuuliza, kwa lipi, maana kura hukupiga.

Jumanne, 25 Novemba

Theluji. Nimekaa.

Jumapili, 30 Novemba

Nilipanda kilimani nikakung'uta theluji juu ya bati. Nilimwambia Eliseo avumilie, nakuja. Naona ajabu kwamba jambo pekee ninalolingoja ni hilo, na wala halinitishi. Linanipa hata usingizi.

Jumanne, 9 Desemba

Belarmino alikuja, akakaa bila kuvua kofia. Nilijua.

"Unamkumbuka Celedonio, binamu wa baba aliyehamia California? Mwanawe Randy amefariki. Aliondoka hapa ananyonya. Wanae wanasema aliacha neno azikwe Ojo Hondo."

"Poleni."

"Ni mrithi, Felia. Damu kwa baba na kwa mama. Siwezi kumkataa."

"Msimkatae."

"Ardhi imeganda. Kaburi lipo moja tu."

Nikaweka chini kisu nilichokuwa nacho. "Lile ni langu. Alinichimbia mimi. Wewe mwenyewe ulilimalizia."

"Wewe u hai, dada yangu. Wewe utapewa lako wakati ukifika. Kuna nafasi kule uzioni."

"Uzioni kuna Eliseo?"

Akaivuta kofia chini usoni.

"Chimbeni lingine!"

"Nani?" Alisema kwa sauti ya chini kabisa. "Tranquilino ana mgongo. Mimi tangu siku ile kifua hakijakaa sawa. Vijana wote wako mijini. Nani atachimba, Felia? Aliyekuwa anachimba..."

Nilimwambia awaambie hao watu wangoje ardhi ilainike. Akasema wameshakata tiketi za ndege, na maiti iko njiani. Akasema Kamati imekwisha kukaa.

Nikampa kahawa. Sijui kwa nini. Mkono ulienda wenyewe, na nimeuchukia mkono huu siku nzima.

Jumatano, 10 Desemba

Nimempigia Marisela. Amelia, amefoka, amesema atamwita wakili. Wakili amesema sina haki juu ya shimo.

Jumamosi, 13 Desemba

Wamemzika Randy.

Walikuja na wapiga gitaa na tarumbeta wa kukodi kutoka Albuquerque, kofia pana, suruali za vifungo vya fedha. Jeneza lilifunikwa bendera. Nilidhani macho yangu yana ukungu wa baridi. Ilikuwa bendera ya Meksiko, na tai wake na nyoka wake, imepanda kilima chetu juu ya mabega ya warithi.

Binti yake alisema machache kwa Kiingereza, lugha nyingine hana. "Baba alituambia kila siku: sisi ni Wameksiko, na msione haya. Kuta zote za nyumba yetu ni Meksiko. Hakuwahi kufika kule, lakini moyo wake ulikuwa kule."

Nilimwangalia Belarmino. Alikuwa ameshika kofia kifuani, ametazama theluji. Mzee Onofre akauliza kwa sauti, "Anasemaje?" Marisela, kando yangu, alitoa sauti ambayo sikujua kama ni kilio au kicheko.

Wakamteremsha. Shimo lilikuwa zuri, kuta zimenyooka, pembe kali. Binti alilisifu. "Kazi safi kiasi hiki. Nani amechimba?"

Belarmino alifungua mdomo. Akaniangalia. Akasema, "Mtu mmoja alikuwa hapa."

Binti akauona msalaba mdogo. Akasoma jina, akahesabu tarehe, akaweka mkono mdomoni. "Maskini, ni mchanga hivi! Ni wenu?"

"Wangu," nikasema.

Akanikumbatia. Ni mtu mwema, nilimtafuta ubaya nikaukosa. Akaniambia sikioni, "Usiwe na wasiwasi, mama. Baba alipenda sana watoto. Atakuwa naye."

Wanaume wakaanza kufukia. Ule udongo tulioutoa mimi na Nazario kwa ndoo ulikuwa umeganda mabonge, ukawa unagonga jeneza kwa kishindo. Walichoka upesi. Tranquilino akasimama, akashika mgongo. Belarmino akakohoa, akakaa juu ya mawe. Shimo lilikuwa bado nusu, na wageni wanatetemeka.

Beleshi aliloliacha Tranquilino lilikuwa la Nazario, nilijua kwa waya aliofungia mpini. Nikaliokota. Nilikusudia kutupia moja la heshima niondoke. Nikatupia na la pili, maana Eliseo alikuwa pale pembeni, na huwezi kumwachia mtoto shimo wazi ubavuni usiku wa baridi. Marisela akachukua la mjomba wake. Tukafukia sisi wawili mpaka likajaa, nikalisawazisha kwa mgongo wa beleshi kama alivyokuwa anafanya yeye.

Nimerudi nyumbani. Viganja vimetoka malengelenge.